Mistari ya Bibi Haitoki

Mwanamke aliyemuosha bibi yangu alimsugua kipaji cha uso kwa dodoki mpaka nikaona ngozi inavutika. Alikuwa muosha maiti anayesifika Gando nzima kwa wepesi wa mkono, na kweli miguu aliiosha taratibu, na mikono vilevile, kidole baada ya kidole. Alipofika usoni mkono ukawa mzito. Alisugua, akamwagia maji, akainama kutazama, akasugua tena.

"Hizi hazitoki?" akamuuliza mama yangu.

"Hazitoki, Bi."

"Subhanallah. Miaka yote hii kwetu, na bado hazijatoka!"

Mwanamke aliyekuwa ameshika ncha ya shuka mkabala nami alicheka puani. Tulikuwa ufuoni, pale panapochimbwa shimo la kupokea maji ya maiti, tumezungukwa na makuti na shuka, hapana hewa. Nilimtazama mama nikingoja aseme neno. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa wa marehemu, na hapo neno lilikuwa lake. Mama alichota maji kwa kopo, akasema, "Tuendelee, Bi, watu wangoja."

"Hizi" zilikuwa nembo za bibi. Alichanjwa usoni akiwa msichana mdogo, kwao bara, huko kusini, kabla hajaletwa Pemba na mume aliyekuja kuchuma karafuu. Walimchanja kwa kisu kidogo, wakampaka masizi, kidonda kilipokauka wakamchanja tena juu yake, na alijisifu kwangu mara nyingi kwamba hakulia. Hapa kisiwani alisilimu, akaswali, akafunga, akazaa, akamzika mumewe, akaisahau hata lugha ya kwao isipokuwa matusi. Uso tu ndio uliobaki wa kule.

Baada ya Mapinduzi babu alikuwa miongoni mwa waliopewa eka tatu, na mikarafuu iliyokuwa ndani ya eka hizo ilikuwa ya mtu ambaye Gando ilikuwa bado inamwamkia kwa heshima. Nyakati zile ulimi ulikuwa ukimponza mtu, kwa hiyo watu wazima hawakumsema babu. Waliwaachia watoto wao kazi hiyo. Bibi akipita na kapu kichwani, watoto wanamlilia "Nyau!" Walijichora masizi usoni, wakamfuata kwa magoti na viganja, "Paka! Paka kapewa shamba!" Walichora uso wake kwa mkaa ukutani mwa skuli, ukutani mwa duka, hata kwenye mlango wa choo chetu, na mama zao wakawa wanatazama kutoka barazani huku wanasuka ukili. Sijapata kumsikia hata mmoja wao akimwita mwanawe arudi ndani.

Mimi nilizaliwa kelele hizo zishaanza, nikazikuta kama nilivyoikuta mvua. Nililelewa na bibi, nimelala mgongoni pake mpaka nikavunja ungo. Nalijua jasho lake, nakijua kikohozi chake, hata leo ningekijua katikati ya soko. Lakini bibi alikwisha kuzoea kushusha kanga mpaka kwenye nyusi na kuizungusha mashavuni, na hakuitoa hata ndani, hata jikoni penye moshi. Uso wake niliuona vipande vipande, anapotawadha, anapojipangusa, anapolala ikamteleza. Na mtoto gani anayemtazama bibi yake kwa kumhesabu mistari?

Ufuoni ndipo nilipoamua. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi haijui kungoja. Ikiwa wanawake hawa wanaona ile mistari ni uchafu uliosahaulika kusuguliwa, basi nitajitia mimi, mzaliwa wa hapa, na siku yangu ikifika waje wanisugue.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Wawi na nikifanya kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni Chake Chake. Mgeni mmoja wa kike aliwahi kukaa kwetu, begani amechorwa ndege mdogo wa buluu. Nilipomuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, alisema ni mama yake. Mama yake alikuwa ndege? Hapana, mama alikuwa akipenda ndege, na amekufa. Nilikwenda jikoni nikawahadithia wenzangu, tukamcheka mpaka chai ikatupalia. Baada ya kumzika bibi nilimkumbuka yule mgeni na nikamwonea wivu. Mwenzangu mmoja wa jikoni akaniambia yupo kijana Unguja anachora tatuu kwa mashine, chumbani kwake, na wanawake wanakwenda. Mpelekee tu mfano wa unachokitaka, akasema. Hilo la mfano lilionekana dogo.

Nilimwambia mama matanga yalipokwisha, tukiwa uani tunaosha masinia.

"Nataka kuchorwa nembo ya bibi mkononi," nikasema. "Tatuu. Ibaki."

"Tatuu ndo kitu gani?"

"Chale za wino. Kama zake yeye."

Mama hakuacha kuosha. "Haramu," akasema.

"Bibi kazikwa nazo."

"Bibi yako alichanjwa yungali ntoto, hajijui hajitambui. Weye wajijua. Na nkwambie kitu kimoja, ukichanja hizo, ukifa mimi sitokuosha. Wakuoshe hao wazungu wako wa kuwatandikia vitanda."

"Kwa umri wetu, mama, mimi ndiye nitakayekuosha wewe."

Lilikuwa neno baya. Nililijua ubaya wake lingali ulimini, na nikalitoa hivyo hivyo. Mama akaliweka sinia chini, akajipangusa mikono kwa kanga, pole pole.

"Basi kwa nkono uliochorwa usinguse," akasema. "Nshasema. Shahidi Mungu."

Kisha mimi, kwa kuwa sina haya, nikamwambia, "Sawa. Nionyeshe basi zilikuwaje."

"Sikumbuki."

"Uso wa mama yako mzazi?"

"Nimekwambia sikumbuki. Nshazika."

Nilirudi Wawi, nikakaa kitandani na kalamu ya wino, nikakunja mkono wa baibui, nikajichora kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Nilichora mistari mitatu nikaiona si yenyewe. Nikafuta kwa mate, nikachora minne. Ilikuwa imelala au imesimama? Ilifika kwenye nyusi au iliishia juu? Kila nilipofumba macho nilimwona bibi, nilimsikia, mpaka harufu ya ubuyu aliokuwa akiutafuna niliipata, na hapo usoni pana ukungu. Kitambulisho chake tulikuwa nacho, lakini kwenye picha uso ulikuwa mweusi kama kitako cha chungu, na kanga alikuwa kaishusha palepale pa siku zote. Mpiga picha alitosheka. Nilichora na kufuta mpaka ngozi ikaniuma, na nililia kwa ghadhabu, si kwa huzuni.

Nikasema nitangoja hitima ya arubaini, wakusanyike watoto wake wote, niwaulize. Mtu ana watoto watatu waliomnyonya, haiwezekani wote wawe vipofu.

Hitima ikasomwa, watu wakala, wakaondoka. Tukabaki uani mimi, mama, mama mdogo na mjomba, na masufuria makubwa yamefudikizwa chini, vitako vyeusi kwa masizi. Niliuliza. Mama mdogo alichangamka mara moja. Aliinama kwenye kitako cha sufuria la pilau, akachora kwa kidole juu ya masizi.

"Kipajini hivi na hivi," akasema, akachora pembe mbili zinazotazama chini, moja ndani ya nyingine. "Na mashavuni mitatu huku, mitatu huku."

"Mashavuni hakuwa na kitu weye," mjomba akasema.

"Hakuwa na kitu? Mie sikuwa na macho?"

"Hakuwa nacho. Kipajini tu, minne imelala, na kidevuni nukta." Na yeye akachora uso wake, pembeni mwa ule wa kwanza.

"Hebu mtazameni," mama mdogo akasema. "Huyu huyu siku ya harusi yake alikwenda kumpa mkono shemeji yake akidhani ndo biharusi. Leo atujulishe nyuso za watu!"

Wakacheka. Mjomba akafuta kidevu, akaongeza mstari, akasema pengine mitano. Mama mdogo akabadilisha pembe zikatazama juu, kisha akazirudisha. Walishindana kwa raha, kama wanaocheza bao, na mwisho pale kwenye kitako cha sufuria pakawa na nyuso nyingi na hakuna hata mmoja uliokuwa wa mama yao. Nilitamani kuwatemea mate. Mwanamke yule aliwabeba, akawachambia, akawatafunia chakula, halafu wanabahatisha uso wake kwa utani.

Mama aliingia jikoni, akatoka na konzi ya jivu na kumbi la nazi. Alilivuta sufuria, akalimwagia jivu, akasugua. Nyuso zote zikaondoka.

"Mwenye kuzijua barabara," mjomba akasema, bado anacheka, "ni yule binti wa jirani. Yule aliyekuwa akitambaa nyuma yake kila siku, hana adabu. Mnamkumbuka? Yupo Wete sasa, apamba maharusi."

Mkono wa mama ulisimama.

"Usende kwa yule," akaniambia. Hakusema kwa ukali wake wa kawaida. "Nakuomba, mwanangu. Yule kanitukania mama yangu miaka."

"Hilo wakumbuka," nikamjibu.

Mama akaendelea kusugua sufuria lililokwisha kung'ara.

Nilikwenda Wete wiki hiyo hiyo. Nilisoma darasa moja na yule mwanamke. Nilimkuta kanenepa, kapendeza, kakaa juu ya busati na biharusi mtarajiwa kanyoosha miguu mapajani pake, anamchora maua ya piko. Chumba kilinuka udi na dawa ya nywele. Alinijua papo hapo, akaniita shoga yake, akanipokea kwa "karibu, karibu" nyingi kuliko nilizostahili. Nikampa habari ya msiba, na nikamwambia shida yangu, nimekaza meno.

"Bibi yako!" akasema. "Mungu amrehemu. Tulimtesa yule kizee, ah!" Alisema kwa furaha ya mtu anayekumbuka pilau la harusi.

"Unaikumbuka mistari yake?"

"Naikumbuka? Naweza kuichora nimefumba macho. Nimechora ukuta mzima wa skuli mimi."

"Nyumbani kwetu hakuna anayeikumbuka," nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia.

Alikichovya kijiti kwenye kikombe, akakipangusa ukingoni. "Wataikumbuka wapi? Nyie wa nyumbani mkimwonea haya, hamumtazami. Sie tukimtazama. Tukikaa njiani tukimngoja apite, tumtazame vizuri, twende tukachore."

Biharusi alicheka, akaombwa asitikise miguu. Nilitaka kumzaba kibao yule mpambaji palepale busatini. Badala yake nilikunja mkono wa baibui, nikamnyooshea mkono.

Nilimweleza nataka achore kwa piko kwanza, niuvae huo mfano mpaka Unguja, kijana wa mashine afuatishe juu yake. Piko linakaa siku kadhaa, haliwi haramu, na kama moyo wangu utarudi nyuma litafutika lenyewe. Hayo yote nilikuwa nimeyapanga. Piko lake lilikuwa lile la pakiti, dawa ya kutia weusi kwenye nywele, na alilikoroga upya kwa ajili yangu. Alisema la maharusi ni jepesi mno, kwa bibi yangu ataliongeza makali lifike Unguja bado jeusi. Wema wa mtu huyu ulinitisha hata nikaona haya.

Mkono wake haukusita. Pembe mbili zinazotazama chini, moja ndani ya nyingine. Halafu mashavu, mistari mitatu kila upande, inaanzia karibu na pua inatawanyika kuelekea masikioni. Hakuchora macho wala mdomo, nembo tu, na bado uso ukatokea. Nilisisimka mwili mzima. Niliujua! Sikuwa na shaka hata chembe, uso huu nilikuwa nimeuona utotoni mwangu kila siku ya Mungu. Na ulilingana na wa mama mdogo, mjomba tu ndiye mpuuzi. Nililia mbele ya biharusi wa watu, nikamshukuru yule mwanamke, nikambusu mkono.

"Ndizo?" nikamuuliza, nataka tu kusikia.

"Wallahi ndizo," akasema. "Lala nalo, usilikoshe mpaka asubuhi. Litawasha kidogo, vumilia."

Liliwasha tangu garini. Nilivumilia. Nilijiambia bibi alichanjwa kwa kisu na hakulia, mimi nalilia dawa ya nywele? Asubuhi nilipokosha, mistari ilikuwa imevimba. Kufika jioni ilikuwa malengelenge, yamesimama juu ya ngozi kila mstari na lengelenge lake, na siku iliyofuata yakapasuka yakatoa maji. Sikuweza kuvuta shuka wala kubeba ndoo. Pale kazini waliniambia nikapumzike, wageni wasije wakaona. Muuguzi wa kituo cha afya alinifokea kwanza, kama ilivyo desturi yao, kisha akanipa dawa ya kupaka ya kwenye tyubu.

"Piko la nywele limekuunguza," akasema. "Tumewachoka nyie na maharusi yenu. Hii itapona, lakini kovu halitoki tena."

"Halitoki kabisa?"

"Halitoki. Utazikwa nalo."

Nilitoka pale nacheka peke yangu njiani. Nilichokuwa nikikifuata Unguja kimenijia mwenyewe. Sikuchanjwa, sikuchomwa sindano, nilipaka piko kama mwanamke yeyote wa Kiislamu anayekwenda harusini, na Mungu mwenyewe akaligandisha. Mama atasema haramu iko wapi hapo? Niliona nimeshinda, nimewashinda wote, yule muosha na dodoki lake, na mama na jivu lake. Nilipanda gari nikaenda Gando kumwonyesha.

Mama alinipokea mlangoni, akaona kitambaa mkononi, akajua. Alinikalisha kwenye kibao cha mbuzi, akachemsha maji, akatia chumvi, akaleta bakuli na kitambaa safi. Nilikaa kama mtoto. Alikifungua kitambaa cha zamani, na pale kilipogandamana na kidonda alikilainisha kwa maji ya vuguvugu asinivute ngozi, na nikawaza kwamba huyu ndiye aliyeapa kutoniosha. Alinikosha uchafu wote. Mistari ikaonekana, myekundu kama nyama mbichi, kila mmoja mahali pake.

Mama aliutazama mkono wangu kwa muda. Aliugeuza kwenye mwangaza wa mlango, akautazama tena.

"Nyau," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nyau," mama akarudia, taratibu, kama anavyosoma mtu herufi. Akaelekeza kidole kwenye mashavu, bila ya kugusa. "Hizi hapa. Hizi si nembo. Hizi sharubu."

Nikatazama. Mitatu huku, mitatu huku, inaanzia puani, inatawanyika. Ukuta wa skuli. Ukuta wa duka. Mlango wa choo chetu, ambao nimeufungua na kuufunga kila siku ya Mungu utoto wangu wote.

"Mama yangu hakuwa na kitu mashavuni," mama akasema. "Sharubu walimtia wao, apate kuwa paka."

Nilikuwa nimekwenda kwa miguu yangu, nikanyoosha mkono wangu, nikalia kwa shukrani na kubusu mkono wa aliyenipaka, naye akanipaka paka. Na hata sidhani alikusudia. Alichora alichokichora utotoni, kwa mkono wa mazoea, akaapia Mungu, na kwake kilikuwa kweli.

"Ulisema hukumbuki," nikamwambia mama.

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza! Nimekuuliza uani, nimekuuliza siku ya arubaini, wote mkasikia!"

"Ningekwambia ungechanja."

"Nimechanja sasa, mama. Tazama nilichochanja!"

"Naona," akasema. Hapakuwa na huruma usoni mwake, wala furaha. Alikuwa amechoka. "Mie nlilala na yule kabla yako weye. Kabla ya hizo eka, kabla ya kushusha kanga. Nlikuwa nkizipitia kwa kidole mpaka usingizi unchukue. Uso mzuri ule. Nkasema, wakiusahau na wausahau, wasiuchezee tena."

"Nionyeshe," nikasema. "Mama, nakuomba. Nionyeshe mara moja."

Alikuwa na tyubu ya dawa mkononi. Alijiminyia kidogo kwenye kidole cha shahada, nami nikamnyooshea mkono wangu wa pili, ule mzima. Hakuutaka. Alinishika kidevu, akaniinua uso, akanichora kipajini.

Nilifumba macho nipate kuhesabu. Kidole kilianza katikati, juu, kikashuka kidogo, kikapinda kuelekea kushoto, kikanyanyuka. Kikarudi katikati. Kulia. Halafu kitu kidogo baina ya nyusi, kama mbegu, au mbegu mbili, sikuwa na hakika, kwa sababu hapo alikwenda haraka kama mtu aliyezoea njia. Kisha mstari mrefu ukapita juu ya yote, na mwisho wake ulikuwa na kona ambayo sikuitarajia. Haikufanana na ya mama mdogo, wala ya mjomba, wala ya yeyote. Ilikuwa nzuri. Hata kwa kuihisi tu niliona ni nzuri.

Nikakurupuka kwenda chumbani, kwenye kioo cha kabati. Dawa ilikuwa haina rangi. Kipajini palikuwa panang'ara tu, pote, na jasho lilikuwa limeanza kuichukua.

Niliporudi kumwomba arudie, mama alikuwa ameshatoka uani, ameinama kwenye ndoo, ananawa mikono kwa sabuni.

"Mara moja tu," nikasema.

"Nshaonyesha," akasema.

Nilimwomba tena mwaka uleule, na miaka iliyofuata, kwa upole na kwa ugomvi, nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa. Hakurudia. Hatukukosana zaidi ya tulivyokuwa. Tulipika pamoja, tukatembelea wagonjwa pamoja, na nikivaa mikono mifupi ndani ya nyumba alikuwa hautazami mkono wangu wa kushoto. Mikunjo ya kiwiko imeyavuta makovu kidogo, sasa paka ananicheka.

Mama amekufa mwaka juzi. Alikuwa ameusia kwa mama mdogo na kwa mjomba, mbele ya watu, kwamba mimi nisimguse, na wasia wa maiti hauvunjwi. Nilishika ncha ya shuka. Muosha alikuwa mwingine, kijana, mkono mwepesi. Alipofika usoni hakukawia, maana uso wa mama ulikuwa safi, hauna kitu. Wenzangu walikuwa wakimtazama uso, wanamwombea. Mimi nilikuwa natazama kidole chake cha shahada, kikioshwa, kikipakwa karafuu maiti, kikifungwa ndani ya sanda.